Mzee Aliyepumzishwa

 

Nimeombwa nizungumzie upweke wa wazee, na nadhani wengi wenu mmefika hapa na picha moja kichwani: bibi kizee peke yake kijijini, paa linavuja, watoto wametokomea mjini. Bibi huyo yupo, na nitafika kwake. Lakini nitaanza na mwingine, ambaye hamumwoni kwa sababu mnaishi naye. Amehamishiwa mjini kwa mwanawe. Ana kitanda chake katika chumba cha wajukuu, anakula mara tatu kwa siku, dawa za presha hazikatiki. Akigusa ufagio anaambiwa, "Mama, acha, dada atafagia." Akisogelea jiko anaambiwa gesi ni hatari. Akitaka kufua kanga yake mwenyewe anapokonywa kwa upole, na maneno yanayofuata mnayajua: "Mama, umehangaika sana na sisi. Sasa pumzika." Nyumba ina watu saba, na katika hao saba hakuna mpweke kama yeye.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii sehemu kubwa ya maisha yangu, bara na visiwani. Kazi hiyo imenifikisha kwenye imani moja ninayotaka kuitetea jioni hii. Wazee wetu wengi wana watu. Wanachokosa ni mtu anayewahitaji. Na mara nyingi wanaowanyima nafasi hiyo ya kuhitajiwa ni sisi tunaowapenda, tena tukidhani tunawatunza.

Tumekuwa tukijivunia kwamba upweke ni maradhi ya Wazungu. Uingereza ilipomteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, na Japani ikafanya vivyo hivyo mwaka 2021, wengi wetu tulicheka. Tulisema huko watu wanafia ndani ya nyumba na jirani hajui; kwetu mtu ni watu. Basi ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka Juni 2025 inatukatisha kicheko. Ilikadiria kwamba duniani kote mtu mmoja kati ya sita anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Kisha ikalinganisha nchi. Katika nchi zenye kipato cha juu, waliosema ni wapweke walikuwa kama asilimia 11. Katika nchi zenye kipato cha chini walikuwa kama asilimia 24. Maana yake ni kwamba ujamaa haukingi kama tulivyodhani: nchi maskini zinaumia mara mbili ya zile za kitajiri tulizokuwa tunazihurumia.

Inakuwaje? Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, alichapisha mwaka 1973 kitabu kilichotenganisha vitu viwili ambavyo huwa tunavichanganya. Upo upweke wa kukosa kundi la wenzako, watu unaojihesabu kuwa mmoja wao. Na upo upweke wa kukosa mtu mmoja wa karibu, yule unayemfungulia moyo. Weiss alisema dawa ya mmoja haiutibu mwingine. Mjane aliyezungukwa na watoto na majirani bado ana pengo ambalo wote hao kwa pamoja hawalizibi. Na mzee mwenye mke mwema nyumbani bado anaweza kunyong'onyea kwa kukosa wenzake wa kijiweni. Sisi tukimwona mzee amepooza tunakimbilia kumwongezea watu: leteni wajukuu waje wamchangamshe bibi yao. Wajukuu wanakuja, wanampa shikamoo kwa zamu, wanakaa kwenye makochi na simu zao, na bibi anawatazama kama abiria anavyowatazama abiria wenzake.

Nisimame kidogo hapo kwa wajukuu, maana hapo pana jambo. Makabila yetu mengi yalimpa mjukuu na babu au bibi yake uhusiano ambao mtoto na mzazi hawakuwa nao: utani. Mjukuu wa kiume alikuwa "mume" wa bibi yake. Bibi alimkaripia kwa kutomletea nyama, mjukuu naye akatishia kumwacha aoe kijana. Babu alimwambia mjukuu wake wa kike kwamba mahari ameshatoa, sasa anangoja ugali. Katika utani huo yalipita mafunzo ambayo baba na mama waliona haya kuyatamka, na mzee alipata kitu ambacho heshima peke yake haiwezi kumpa, yaani mtu wa kumchokoza na kuchokozwa naye. Watoto wetu wa mjini tumewafundisha heshima tu. Wanajua shikamoo, wanajua kupokea kwa mikono miwili, wanajua kunyamaza bibi akiongea. Ni tabia njema. Lakini mtu anayeheshimiwa tu, asitaniwe wala kubishiwa, amewekwa mbali.

Mama mmoja aliletwa Dar es Salaam kutoka kijiji kimoja cha Muheza baada ya mumewe kufariki. Mwanawe, tuliyefahamiana kazini, alimpa kila alichoweza kumpa. Miezi michache baadaye alinijia na wasiwasi: mama hali vizuri, usiku hasemi neno, mchana anauliza mara kwa mara leo ni siku gani. Aliogopa kwamba akili imeanza kupotea. Nilikwenda kumsalimu. Nilimkuta ameketi kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, vidole vikicheza kwenye pindo la kanga yake, vinapishana, vinarudi, vinapishana. Niliuliza huko nyumbani alikuwa akifanya kazi gani. Alisuka mikeka. Tangu usichana wake alinunua ukindu, akauchana, akauchemsha kwenye rangi, akaanika, akasuka ukili pima kwa pima, kisha akaushona mkeka. Watu walitoka vijiji vingine kumwagiza. Mjini hapa kulikuwa na mkeka wa plastiki sebuleni na zulia chumbani.

Mwanawe alitafuta ukindu sokoni akauleta. Kwa siku kadhaa ulikaa kwenye kona, mama hakuugusa. Nami nilidhani tumekwama. Kilichomwinua ni jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo, aliyeuona ule ukindu akauliza kama anaweza kusukiwa mkeka wa harusi ya binti yake, wenye majina ya maharusi. Huyo alikuwa na shida ya kweli. Harusi ilikuwa na tarehe. Mama wa Muheza aliinuka. Alidai rangi ya zambarau ambayo haikuwepo, akagombana na mwanawe kuhusu ukindu mbovu, akawaamrisha wajukuu wamchanie. Mwanawe alinipigia simu tena, safari hii akilalamika kwamba mama amekuwa mkali na anasema hana muda wa kupoteza. Nilimwambia amshukuru Mungu.

Jambo lililonifunza hapo ni kwamba ukindu peke yake haukutosha. Mwanawe alimletea kitu cha kupitisha muda, na mzee anaijua tofauti. Ukimpa kazi ya kumfurahisha, anaona. Ukimwomba ushauri ambao huna nia ya kuufuata, anaona. Wazee wamewalea watoto, wamewadanganya kwa pipi na hadithi ili walale; hawashindwi kutambua wanapodanganywa wao. Hitaji lazima liwe la kweli.

Mtaniambia, na mtakuwa na haki, kwamba wapo wazee waliochoka kweli na wanaostahili kupumzika. Wapo. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, kizazi kizima cha bibi kilizika watoto wake na kuanza upya kunyonyesha kwa chupa, kulima, kutafuta ada. Hao walihitajiwa kupita nguvu zao. Je, hawakuwa wapweke? Walikuwa, na sana. Bibi mwenye wajukuu watano yatima anahitajiwa usiku na mchana, ila hana hata mmoja wa kumwambia kwamba jana alilia, kwa sababu wote anaoishi nao ni watoto na machozi yake yatawatisha. Hapo ndipo ule upweke wa pili wa Weiss unapojitokeza ukiwa mtupu. Kwa hiyo siwaambii kwamba kazi ni dawa. Ninasema mzee anahitaji kutoa na kupokea, yote mawili, na mtu wa rika lake wa kupokeana naye.

Rika. Hili huwa hatulipimi. Mzee mmoja wa kike huko Unguja, mwenye watoto wengi na nyumba isiyokauka wageni, aliniambia kwamba kitu kinachomliza ni kuwa hakuna aliyebaki duniani anayemwita kwa jina lake. Kwa watoto ni mama, kwa wajukuu ni bibi, mtaani ni mama wa fulani. Jina alilopewa alipozaliwa, na kile kifupisho walichomwita wasichana wenzake chuoni na kwenye ngoma, vilikwenda kaburini na shoga yake wa mwisho. Hakuwa na shida ya kuhudumiwa. Alikuwa shahidi pekee wa usichana wake mwenyewe, na hapakuwa na wa kumwambia "Wee, si hivyo ilivyokuwa!"

Kwa aliyehamishwa, hata lugha inaweza kuondoka. Bibi wa Kichaga au wa Kihaya anayeletwa Dar es Salaam hukuta wajukuu wanaojua Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili chake yeye ni cha sokoni, hakina vicheko. Mambo ya ndani anayasema kwa lugha ambayo nyumbani humo anaijua mwanawe tu, na mwanawe anarudi saa tatu usiku. Kule Muscat hali ni hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa. Waomani waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, wengi wao wakirejea Oman tangu Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, walizeeka wakiongea Kiswahili majumbani. Wajukuu wao wanasoma, wanacheza na kuota kwa Kiarabu. Bibi akitaka kusimulia Unguja ya utoto wake, kichekesho kinafia njiani kikitafutiwa tafsiri.

Sasa niseme jambo la mwili, maana upweke una mlango wake katika mwili na mlango huo mara nyingi unaweza kufungwa kwa gharama ndogo. Tunasema mzee amejitenga, amekuwa mkimya, hapendi watu. Muulizeni kwanza masikio. Anayesikia nusu ya maneno huchoka kuuliza "Umesemaje?" Anaona watu wanavyokunja uso wakirudia kwa sauti kubwa. Baada ya muda anaanza kucheka wengine wanapocheka bila kujua wamecheka nini, kisha anaacha kabisa kwenda panapochekwa. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba sikio, na muuguzi anaiondoa asubuhi moja. Muulizeni macho. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mfupi, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na nimewaona wazee waliokuwa wameacha kwenda ibadani kwa kuogopa kuwapita watu bila kuwasalimu, kwa sababu hawakuwaona sura. Muulizeni magoti. Mama mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo cha watu, hivyo hatakwenda kwenye arusi wala kwenye msiba wa mbali. Muulizeni kibofu. Wanaume wengi wenye tezi dume iliyovimba na wanawake wengi waliozaa mara nyingi hawakai mahali kwa saa moja bila kujua choo kiko wapi, na hakuna hata mmoja atakayewaambia kwamba hiyo ndiyo sababu haji kwenye kikao cha ukoo. Atasema hajisikii vizuri. Ninyi mtasema amezira.

Kiti cha choo cha kubebeka, kilichotengenezwa na fundi seremala kwa kutoboa kiti cha kawaida, nimekiona kikimrudisha mama mmoja kwenye kikundi chake cha kanisani. Hilo ni jambo la kiti. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mahali pa kukaa napo pametoweka, na sisi ndio tuliopaondoa. Nyumba za Waswahili wa pwani, Lamu hadi Kilwa, zilikuwa na baraza mbele, na mzee hakuhitaji kualikwa popote. Alitoka mlangoni pake akaketi, dunia ikampitia. Muuza kahawa alikuja na dele na kashata, bao likatandazwa, au dhumna. Mji Mkongwe wa Zanzibar bado mnaliona jambo hili likiishi pale Jaws Corner, wazee na vijana wakibishana siasa juu ya vikombe vidogo vya kahawa. Mkitoka hapo mwende kwenye vitongoji vipya vya Dar es Salaam, Goba au Bunju, mtakuta ukuta, geti, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Ndani kuna nyumba nzuri na mzee mmoja anayesikiliza magari kwa nje. Wezi wapo, sikatai. Lakini sijawahi kuona mtu anayejenga akimuuliza fundi wake, "Na baba atakaa wapi watu wamwone?"

Wanawake, tuseme kweli, baraza la nje halikuwa lao. Lao lilikuwa ua: kuchambua mchele pamoja, kusukana nywele, kupokezana upatu, kupangana kwa shughuli. Nyumba za kupanga zenye ua mmoja zinabomolewa, vinajengwa vyumba vya kujitegemea, kila mtu na jiko lake na bomba lake. Usafi umeongezeka na ugomvi umepungua. Ila bibi aliyekuwa hakimu wa ugomvi ule amebaki bila baraza la kuhukumu.

Halafu kuna pesa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na mwaka uliofuata ikafika Tanzania, na imewaokoa wazee wengi na njaa. Asije mtu akasema nimeipinga. Lakini kumbukeni pesa ilivyofika kabla ya hapo. Ilihitaji mbebaji. Kijana wa jirani aliyekuwa anakwenda likizo alibeba bahasha, mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Akifika hakuweza kukabidhi na kuondoka. Aliketi, akapikiwa, akaulizwa habari za mjini, akatoa na zisizo za kweli, akapewa maharage ya kurudishia. Safari moja ya bahasha ilikuwa na jioni nzima ndani yake. Siku hizi simu inalia mlio mfupi. Mzee haoni maandishi, anamwita mtoto wa jirani amsomee, anampa namba ya siri aende kwa wakala. Mwana huko aliko anaandika, "Mama, umeona?" Mama ameona. Wote wawili wanajiona wametimiza.

Na wapo mabinti zetu, na wavulana pia, walioko Uingereza na Marekani wakifanya kazi ya kutunza wazee wa watu: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza wakisimulia vita na ndoa zao. Wanaifanya kwa moyo. Wakitoka zamu wanatuma pesa nyumbani, ambako mama yao anatunzwa na msichana wa kazi wa miaka kumi na saba asiyejua hata mama huyo alikuwa mwalimu. Siwalaumu. Ninataka tu tulione hilo kwa macho wazi.

Sasa nifike kwa yule bibi wa kijijini niliyewaahidi, kwa sababu kwake upweke unaua kwa panga. Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita, Tabora: kwa miaka mingi katika mikoa hiyo wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Katika nchi iliyokwisha miti, mtu anapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba katika kibanda kisicho na dirisha, kwa miaka hamsini, macho yatakuwaje? Mashirika ya kutetea wazee yaliyofanya kazi wilayani Magu yalilielewa hilo, na miongoni mwa misaada yaliyowapa bibi hao ni majiko yasiyojaza moshi. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kulikuwa na shamba ambalo mjane alikuwa amelikalia.

Lakini hebu tazameni namna mtu anavyofikia kuwa mtuhumiwa. Mume anafariki. Watoto wako Kahama, Mwanza au Dar. Anaishi peke yake. Anaanza kuongea peke yake, maana hana wa kuongea naye. Hatoki mapema kwa sababu haoni vizuri. Anatoka jioni jua likipungua makali. Majirani wanaona mtu asiyetembelewa, anayenong'ona, anayetembea magharibi. Wanaacha kumsalimu. Naye, akiona hasalimiwi, anaacha kupita njia ya watu. Kila upande unaupa upande wa pili sababu. Mtoto wa jirani anapougua malaria na kufa, kila kitu kiko tayari. Bibi mwenye watu wanaoingia na kutoka nyumbani kwake, ambaye juzi alimkanda mzazi wa mtaa huo na jana alipatanisha ugomvi, ni vigumu sana kumgeuza mchawi kwa usiku mmoja. Wangapi tungewaokoa kwa kuwapitia tu, kila siku, mchana kweupe, watu wakituona?

Serikali zetu hazijalala kabisa. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na inaiweka familia kuwa nguzo ya kumtunza. Familia hiyo leo imetawanyika kama nilivyoeleza. Makazi ya wazee yapo: Sebleni na Welezo kule Unguja, Nunge hapa Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza. Yanawahifadhi ambao hawana mtu, na watumishi wake wanastahili heshima kuliko wanayopata. Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii. Zanzibar nayo Aprili 2016 ilianza pensheni jamii kwa kila aliyefika miaka 70, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 50,000. Mzee mwenye noti yake mwenyewe mfukoni anaweza kumpa mjukuu pesa ya andazi. Anaweza kuchangia msiba na jina lake likasomwa. Hiyo ni fedha inayomrudisha mtu kwenye hesabu ya watu.

Ninavutiwa zaidi na kilichofanyika Zimbabwe. Huko Harare, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili katika nchi iliyokuwa na madaktari wa aina yake wachache mno, alipoteza mgonjwa aliyejiua; familia ilikuwa imekosa nauli ya kumfikisha hospitali. Akajiuliza msaada unawezaje kukaa mahali watu walipo. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, alianza na alichokuwa nacho: bibi kumi na wanne waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, na mabenchi ya mbao nje ya kliniki. Aliwafunza kuuliza, kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi kwenye benchi, kama asilimia 14 walibaki na dalili za sonona. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, walikuwa kama asilimia 50. Mpango huo umevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Ulimwengu ulishangilia kwamba bibi wanaweza kuwatibu vijana. Nami nafurahi. Lakini nikitazama benchi lile, namtazama bibi. Asubuhi ameamka, amefunga kitambaa vizuri, kwa sababu kuna mtu anamngoja na mtu huyo ana shida ambayo daktari hana muda wa kuisikia. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Kwa hiyo nina maombi machache kwa walioko hapa wenye mamlaka, na ni ya kawaida kabisa. Kliniki za presha na sukari ndizo, kwa sasa, mahali wazee wetu wengi wanakutana wenyewe kwa wenyewe bila kupangiwa. Wauguzi wanajua kwamba wapo wanaofika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa saba, ingawa walihudumiwa saa mbili. Msiwafukuze. Wawekeeni mabenchi yenye kivuli na choo cha kukalia, na siku hiyo hiyo awepo mtu wa kupima masikio na macho. Wajane wapya wa mtaa, wa eda iliyokwisha na wa arobaini iliyopita, wapelekewe mjane mwenzao aliyetangulia, kwa utaratibu unaojulikana na sheha au mwenyekiti wa mtaa, maana wageni hukatika siku ile ile ambayo ukimya unaanza.

Na kwa wale wa Zanzibar wanaosimamia pensheni jamii: najua zipo sababu za kuhamishia malipo kwenye simu, na nazielewa. Mzee asiyeweza kutembea asiburutwe kituoni. Wizi upungue. Ila nimekaa kwenye vituo vile siku za malipo. Nimeona watu waliokuwa hawajaonana mwezi mzima wakiulizana nani kapungua, wakitaniana kuhusu meno, wakipigiana hesabu za deni la miaka ya sitini. Foleni ile ni miongoni mwa mikutano michache ya rika lao iliyobaki. Hamishieni fedha kwenye simu kama lazima, lakini siku ya kituo ibaki kwenye kalenda, na chai iwepo, na gari la kuwachukua wasiotembea liwe kwenye bajeti.

 Wazee wa safu ya mbele, kabla ya maswali ya vijana, ninaomba ninyi ndio mnikosoe kwanza.